Nunua chenye rangi mbili: The Neverending Story ya Michael Ende

Nakala ya kwanza niliyonunua ilichapwa kwa wino mweusi mtupu. Muuzaji aliniapia, "Ni kitabu kilekile, dada," na kwa kipimo chake hakudanganya: maneno yote yalikuwemo, majina yote, hata nukta zilikaa mahali pake. Lakini mimi riziki yangu ni mtambo wa kuchapa, huu ni mwaka wa kumi na saba nashinda na harufu ya wino, na nasema bila kuuma maneno: kitabu hiki bila rangi zake mbili ni wimbo uliosomwa badala ya kuimbwa. Tena kilibanwa kwa gundi, hakikushonwa. Tulipofika sura ya tatu kurasa zikaanza kung'oka, ikawa tunasoma kama watu wanaogawa karata.

Nikatafuta kingine. Hicho cha pili ndicho ninachokipa nyota nne, na nyota ya tano nitaeleza nimeinyima kwa nini.

Nasema "tulipofika" kwa sababu nilikuwa namsomea mwanangu, ana miaka tisa. Ende aliandika kwa Kijerumani, Die unendliche Geschichte, kikatoka mwaka 1979. Mimi ninayo tafsiri ya Kiingereza ya Ralph Manheim, ya 1983, na kila usiku nilikuwa naigeuza kwa Kiswahili papo hapo, kitandani, macho yakiwa mazito. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa yametokana na kupigana na maneno, si na elimu ya fasihi, ambayo sina.

Bastian Balthasar Bux ni mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, mnene, mwoga, hana rafiki, na mama yake amefariki. Asubuhi moja ya mvua anawakimbia wenzake wanaomwonea, anajitupa ndani ya duka la vitabu vya zamani la mzee mkali aitwaye Koreander, na anatoka humo ameiba kitabu. Anajificha nacho darini, shuleni kwake, anasoma huku saa ya mnara ikigonga. Ndani ya kitabu hicho kuna nchi, Fantastica, inayomegwa kidogo kidogo na kitu kisicho na umbo, na Malkia Mtoto anayeitawala ni mgonjwa. Mwindaji mdogo, Atreyu, anatumwa kutafuta dawa. Anazunguka, anapoteza farasi, anapata rafiki ambaye ni joka la bahati, na mwisho anagundua kwamba dawa ni jina jipya la Malkia, na jina hilo hawezi kulitoa yeyote wa Fantastica. Lazima litoke kwa mtoto wa binadamu. Yaani huyo huyo aliyekaa darini na kitabu mapajani.

Sasa nirudi kwenye wino, maana hapo ndipo penye utamu wangu.

Dunia ya Bastian imechapwa kwa wino mwekundu, Fantastica kwa kijani. Wasiojua kazi hii hudhani ni pambo. Kwenye mashine ya rangi moja kama ile niliyojifunzia, ukurasa wa rangi mbili unadai mabamba mawili na karatasi inapita mara mbili. Ikiteleza unene wa unywele, mstari mwekundu unapanda mgongoni kwa wa kijani na karatasi hiyo ni ya kutupa. Kwa kitabu chenye mamia ya kurasa hakuna mchapaji anayekubali usumbufu huo kwa ajili ya urembo. Ende aliutaka kwa sababu rangi zenyewe zinasimulia. Mwanzoni wekundu unakuja kwa vipande vifupi tu: Bastian ana njaa, Bastian anasikia baridi, Bastian anaogopa. Kijani kinaendelea na safari yake kana kwamba hakuna anayekitazama.

Halafu inafika sura ya nne. Atreyu amesimama ukingoni mwa korongo, na humo yumo Ygramul, zimwi ambalo mwili wake ni kundi la wadudu wasiohesabika, wanaungana na kuachana, kila mara umbo jingine. Kijani kinaeleza uso huo unavyotokea. Mara wekundu: Bastian, huko darini, anapiga yowe. Kisha kijani tena, na ndani ya korongo yowe limesikika. Hapo nilinyamaza. Mwanangu akanishika mkono, akaniuliza, "Mama, wamemsikia?" Kwenye nakala nyeusi tulikuwa tumepita mahali hapo usiku wa wiki iliyotangulia na hakuna aliyeshtuka, si yeye, si mimi.

Kuna ufundi mwingine wa kiwandani: sura ni 26, kila moja inaanza na herufi yake, A mpaka Z, na herufi hizo zimechorwa kwa unakshi na Roswitha Quadflieg. Manheim alijitahidi akaufuata mpango huo kwa Kiingereza. Mimi nilijaribu usiku wa kwanza kwa Kiswahili, nikakumbuka huko mbele kuna Q na X zinanisubiri, nikaacha.

Kilichonitesa zaidi ni jina la kile kinachoila nchi. Nilianza kukiita Utupu. Mwanangu akacheka mpaka akakaa, maana kwake utupu ni kukosa nguo, na kila niliposoma kwamba utupu unasogea alijiziba uso na shuka. Nikabadili nikasema Ombwe. Hilo akaliona neno la darasani. Mwishowe yeye mwenyewe alinipa. Kuna mahali viumbe wanaeleza kwamba ukikitazama kitu hicho unajiona kama kipofu, si giza, si shimo, jicho linakosa tu pa kushika. Akasema, "Kwa hiyo hamna." Ndiyo, Hamna. Kuanzia usiku ule Hamna ndiyo iliyokuwa ikisogea, na nakuhakikishia inatisha kuliko Utupu. Hamna imekula ziwa. Hamna imefika msituni. Lile neno tunalolitupa mara hamsini kwa siku, maji hamna, chenji hamna, likawa na meno.

Watu wengi wakikizungumzia kitabu hiki husema dhamira yake ni nguvu ya kufikiri na kuota, wakaishia hapo. Ni kweli, ila ni kweli ya juu juu. Mbwamwitu Gmork, aliyefungwa mnyororo kwenye mji uliohamwa, anamweleza Atreyu jambo baya zaidi. Viumbe wa Fantastica wanaojitupa ndani ya Hamna hawafi. Wanatokea upande wa pili, kwa binadamu, wakiwa uongo. Na binadamu aliyeamini uongo, anasema Gmork, ni rahisi kumtawala. Ndiyo sababu wapo wanaofurahia Fantastica ikifa. Kwa hiyo kwa Ende ndoto na uongo vimezaliwa tumbo moja, kilichovitenganisha ni njia vilivyopitia. Nilisoma ukurasa huo nikiwa nimetoka kazini, ambako siku hiyo tulikuwa tumechapa vipeperushi vya ahadi, karatasi inang'aa, rangi nne. Sikuongeza neno. Niliendelea kusoma.

Nusu ya kwanza inakwisha hivi. Malkia, kwa kuwa Bastian anaona haya kutamka jina, anamwendea Mzee wa Mlima Unaotangatanga, ambaye huandika kila kitu kinachotokea. Anamlazimisha aisome hadithi yote tangu mwanzo. Naye anaanza: duka la Koreander, mvua, mtoto anaingia, anaiba kitabu, anasoma, anafika kwa Mzee, Mzee anaanza kusoma: duka la Koreander, mvua. Hakuna pa kutokea. Mwanangu alidhani nimerudi nyuma kwa bahati mbaya. Duara hilo linamkamata Bastian shingoni mpaka anapiga kelele jina alilokuwa nalo muda wote, Mtoto wa Mwezi, na anavutwa ndani. Hapo ni mwisho wa sura ya 12. Kuanzia ya 13 wekundu unatoweka kabisa na kijani kinatawala ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu darini hakuna tena mtu.

Kama umeiona filamu ya 1984, ile ya Wolfgang Petersen, wewe umekiona kitabu mpaka karibu hapo tu. Ende aliichukia filamu hiyo, akataka jina lake liondolewe. Zamani nilidhani ni majivuno ya waandishi. Nimesoma nusu ya pili, sasa namwelewa kabisa: walichukua swali, wakaacha jibu.

Nusu ya pili haina zimwi wa kupigana naye. Ina Bastian na matakwa yake. Malkia amempa nishani iitwayo AURYN, nyoka wawili wanaoumana mikia, na nyuma yake pameandikwa agizo fupi ambalo mimi nililisoma "Fanya unachotaka." Basi anataka. Anataka awe mzuri wa sura, anakuwa. Anataka nguvu, anapata. Anataka ushujaa, anavuka jangwa la rangi na kulala ubavuni mwa simba ambaye kila jioni anageuka jiwe. Ila kila takwa linatoka na kumbukumbu moja ya kule alikotoka, na bei hiyo hakuitajiwa dukani. Akiwa mzuri, anasahau kwamba aliwahi kuwa mnene. Akiwa na nguvu, anasahau unyonge. Na ukishasahau ulikuwa mnyonge, huwezi hata kushukuru kwa kuwa na nguvu. Unadhani umezaliwa nazo. Ende halisemi hili kwa kulihubiri. Anakuacha uone Bastian anavyoanza kuwaongelesha watu vibaya.

Tukio lililomkaa zaidi mwanangu ni la Acharai. Ni wadudu wabaya wa sura wanaoishi gizani chini ya ardhi, wanalia kwa aibu ya ubaya wao, na machozi yao ndiyo yanayosafisha fedha ambayo kwayo mji mzuri kuliko yote umejengwa. Bastian anawaonea huruma. Anatamka neno moja, nao wanageuka vipepeo wachekeshaji, wanacheka usiku na mchana. Mwanangu alipiga makofi. Kurasa nyingi baadaye wanamrudia, wanacheka bado, lakini wamechoka, wanamsumbua awape sheria, awape mkubwa, awape chochote kizito, kwa sababu furaha waliyopewa haina pa kukaa. "Si aliwasaidia?" mwanangu akauliza. Nikamwambia hakuwauliza. Akafikiri kidogo, akasema hata yeye angewasaidia bila kuwauliza. Angalau ni mkweli.

Baada ya hapo kuna sehemu inayonichosha na ndiyo nyota niliyoinyima. Msafara wa kuelekea Mnara wa Pembe za Ndovu, makao ya Malkia, ni mrefu mno: wajumbe, mahema, wapanda farasi, kila kabila na jina lake gumu. Na mchawi Xayide, anayemjaza Bastian sifa mpaka akataka kujitawaza, ni yule yule mwanamke mrembo mwenye hila tuliyekutana naye katika ngano mia. Wanawake wengine wakuu wa kitabu ni Malkia ambaye kazi yake kubwa ni kuugua na kungoja, na Bibi Eyola ambaye kazi yake ni kulisha. Kwa mtu aliyeweza kubuni Ygramul, nilitarajia zaidi. Jambo moja la Xayide nalikubali lakini: askari wake ni deraya zisizo na mtu ndani, na anaziendesha kwa nia yake kwa sababu ni tupu. Kisha anamgeukia Bastian, ambaye naye kumbukumbu zinazidi kumwisha. Ende haunganishi nyuzi hizo mbili kwa maneno. Unaunganisha mwenyewe na mgongo unakusisimka.

Atreyu akijaribu kumzuia asijitawaze, Bastian anamjeruhi kwa upanga. Mji wa watawala wa zamani nitaupitia mbio: wamo binadamu waliotaka mpaka kumbukumbu zikaisha, sasa hawawezi kutaka chochote, wala kurudi kwao. Wanatupa dadu zenye herufi siku nzima wakingoja neno litokee. Kwa mtu anayeshinda na herufi kama mimi, ni picha ya jehanamu.

Kutoka hapo hadithi inapunguza mwendo na inakuwa kitabu kingine, kitabu kizuri. Bastian amebakiwa na kumbukumbu chache na kila takwa sasa ni la kupimwa. Anakaa nyumbani kwa Bibi Eyola, anakula, anadekezwa, mpaka siku moja hataki tena kupendwa. Anataka yeye apende. Anaelekezwa kwa Yor, mchimbaji asiyeona kwenye mwanga lakini gizani anaona, ambaye mgodini kwake zimo ndoto zilizosahauliwa na watu, zimelala tabaka juu ya tabaka kama karatasi nyembamba za kioo. Bastian anashuka kila siku, analala juu ya picha hizo gizani, anatafuta moja iliyo yake. Amekwisha kumsahau mama. Amekwisha kumsahau baba. Anatafuta asichokijua.

Anachokipata ni picha ya mwanamume aliyevaa koti jeupe, mkononi kashika umbo la plasta, uso una huzuni, na amefungiwa ndani ya bonge la barafu linaloonekana kama kioo lakini haliingiliki. Bastian hamtambui. Msomaji anamtambua, kwa sababu mwanzoni kabisa, katika wino mwekundu, kwa sentensi chache ambazo karibu kila mtu anazipita, tuliambiwa kwamba baba yake hutengeneza meno ya bandia, na kwamba tangu mkewe afe amekuwa haongei. Yupo nyumbani na hayupo. Kurasa zote zile za majoka na mapanga zilikuwa njia ya kuzunguka kumrudia mwanamume mmoja na umbo lake la plasta. Nilisimama kusoma nikajifanya natafuta maji. Nyumbani kwetu kimya cha namna hiyo tunakijua, lakini hiyo nayo ni hadithi nyingine.

Na hapa ndipo Kiswahili changu cha kitandani kilipogeuka kunisuta. Nilikuwa nimesoma agizo la AURYN kama "Fanya unachotaka" toka mwanzo, na kwa nusu ya kitabu lilikaa vizuri, maana lugha yetu imeyaweka matakwa na takataka jirani kabisa, na Bastian alikuwa anazoa vyote. Lakini simba alikuwa amemwonya kwamba maana yake si kufuata kila hamu. Ni kutafuta lile takwa la ndani ambalo hata mwenyewe halijui. Sikujua nilisemeje tofauti hiyo. Usiku wa Yor mwanangu, aliyedhaniwa amelala, akasema, "Si ungesema 'tenda upendalo'?" Upendalo. Neno moja limebeba hamu na upendo pamoja, na jibu la kitabu kizima lilikuwa limekaa ndani ya swali. Nina hakika tafsiri niliyonayo haina kitu hicho, na sidhani Kijerumani chenyewe kinacho. Ilibidi nirudi nyuma, usiku uliofuata, nikasome upya sura ya simba kwa neno sahihi.

Mwisho sitausimulia wote. Nitasema tu kwamba Bastian hawezi kutoka mpaka hadithi zote alizozianzisha zifikishwe mwisho, jambo lisilowezekana, na kwamba Atreyu, yule aliyepigwa upanga, anajitolea kuzimaliza yeye. Wekundu unarudi kwenye ukurasa. Baada ya sura kumi na tatu za kijani kitupu jicho linaupokea kama sauti ya mlango. Na mzee Koreander, alipoendewa kuombwa radhi, anasema hajapotelewa na kitabu chochote.

Ukinunua, fungua katikati ya nusu ya kwanza kabla hujatoa hela. Kama huoni rangi mbili, rudisha. Kama wekundu ni wa kupauka, rudisha pia. Wino ulikuwa umepunguzwa makali na macho ya mtoto yatauruka. Angalia mgongo: uzi unaonekana ukiupanua kidogo kwa kidole. Mtoto chini ya miaka minane atahitaji mtu wa kumsomea, na kwenye kinamasi, pale farasi Artax anapokata tamaa na kuzama huku akiongea, huyo msomaji ajiandae.

Ile nakala nyeusi sikuitupa. Mwanangu ameikusanya kurasa zake, akaifunga kwa mpira, akachukua kalamu mbili. Anapiga mstari pembeni, mwekundu au kijani, aya kwa aya, akiifananisha na nakala nzuri. Amefika sura ya nne na amesimama hapo siku tatu. Yowe la Bastian, kitabu kinaonyesha ni jekundu, ameliona kwa macho yake, lakini anasema haiwezekani, kwa sababu limesikika upande ule. Jana nilimkuta ameshika kalamu zote mbili kwa mkono mmoja, anajaribu kuandika nazo kwa pamoja.